Machozi ya Kuazima

Imezuka katika miaka ya karibuni, visiwani kwetu na mwambao mzima, sifa mpya katika midomo ya wapenzi wa muziki. Kijana akitunga kipande kisicho na maneno, akakiwekea nyuzi nzito za chini, piano inayodondoka noti moja moja, ngoma kubwa zinazokuja kama radi ya mbali, na mwisho sauti ya mwanamke inayopanda bila ya neno lolote, huambiwa: umefika, kazi yako inasikika kama filamu. Kijana hufurahi. Hapana anayemuuliza: filamu ipi? Inamwonyesha nani? Ametoka wapi mtu huyo, na analia nini?

Nadai katika makala haya kwamba sifa hiyo ni shutuma iliyovishwa kanzu. Muziki unaosikika kama filamu zote haujaitazama hata filamu moja. Mtunzi wake amesikiliza filamu za watu, akakusanya povu lililoelea juu, akaliita bahari. Na kwa kuwa muziki huo sasa ndio unaobandikwa juu ya picha za visiwa vyetu, juu ya nyuso za mama zetu na mashua za baba zetu, jambo hili limevuka mpaka wa ladha ya mtu mmoja. Tunafundishwa kuhuzunika kwa sikio la wengine katika misiba yetu wenyewe.

Nitatoa mfano, na mwenye kazi sitamtaja, kwani kosa lake ni la wengi. Katika filamu fupi iliyopigwa ufukweni kwetu, mvuvi amezama na maiti imeletwa nyumbani. Wanawake wameketi mkekani, mjane anaikunja shuka. Picha ni nzuri. Mpiga picha anajua kusubiri. Lakini ghafla zinainuka nyuzi mia, na chini yake ngoma za vita. Ukifumba macho hujui aliyekufa ni mvuvi wa Nungwi au mfalme wa nchi ya barafu. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba chumbani mle mlikuwa na kisomo. Midomo ya wasomaji inaonekana ikicheza, ila sauti yao imepunguzwa hadi ikapotea, ili nyuzi za kompyuta zisikike vyema. Mtu amekuwa na sauti ya msiba wa kweli mkononi, akaifuta, akaweka badala yake machozi ya kuazima.

Wenye kuitetea desturi hii wana hoja, na haifai kuwapita bila kuwasikiliza. Husema, kwanza, kwamba sinema ina lugha moja ulimwenguni, na lugha hiyo ni ya okestra kubwa. Mtazamaji wa Tokyo na wa Wete wote wanaielewa. Husema, pili, kwamba ala zetu zina mazoea yake: ukipiga udi na ganuni, mtazamaji ataona harusi na ukumbi wa taarabu, hataona hadithi. Na husema, tatu, kwamba hatuna fedha. Kompyuta moja yenye sauti za okestra ndani yake ni rahisi kuliko kuwalipa wapigaji kumi. Hoja hizi tuzipime moja baada ya moja.

Hiyo inayoitwa lugha ya dunia nzima ina mji iliyozaliwa. Max Steiner, aliyetunga muziki wa King Kong mwaka 1933, alizaliwa Vienna mwaka 1888. Erich Wolfgang Korngold alikulia Vienna hiyo hiyo, akatunga opera akiwa kijana, kisha akaenda Hollywood. Austria ilipomezwa na utawala wa Hitler mwaka 1938, akabakia Marekani. Watu hawa walibeba walichokibeba kila msafiri: sikio la nyumbani. Walitunga kama walivyofunzwa katika nyumba za opera za mji wao, wakafanya vizuri mno, na studio zenye fedha zikausambaza mlio wao hadi ukasahauliwa ulikotoka. Siwalaumu hata kidogo. Lakini tusiambiwe kwamba Vienna ni ulimwengu na Unguja ni kijiji. Kila mlio ni wa kwao kwanza. Uliofika mbali ulisafirishwa.

Na mabingwa wa fani hii, tukiwatazama kwa makini, hawakupata ubingwa kwa kufanana na filamu nyingine. Bernard Herrmann, mwaka 1960, alipopewa Psycho ya Alfred Hitchcock, aliacha tarumbeta, akaacha zumari za kila aina, akaacha ngoma. Alibakiza nyuzi peke yake. Hitchcock alikusudia lile tukio mashuhuri la bafuni lipite bila ya muziki. Herrmann akaandika muziki wake, mkurugenzi alipousikia akabadili shauri. Fidla zile zilizopiga kelele kama ndege aliyeshikwa hazikuwa mapambo. Zilikuwa kisu chenyewe.

Ennio Morricone naye, mwaka 1964, alipotunga muziki wa filamu ya Sergio Leone, A Fistful of Dollars, fedha zilikuwa chache. Okestra kubwa ya Hollywood haikuwa ndani ya uwezo wake. Akachukua mluzi wa mtu, mlio wa mjeledi, kengele, na gitaa la umeme. Leo vijana wetu wanapotaka kuonyesha jangwa na ujasiri huiga mluzi ule, bila kujua kwamba ulizaliwa na uhaba. Hoja ya tatu ya wapinzani wetu, ile ya fedha, inaangukia hapo. Uhaba haukumlazimisha Morricone kununua okestra ya bandia. Ulimlazimisha kufikiri.

Mfano ulio karibu zaidi nasi umetoka ng'ambo ya bahari yetu hii hii ya Hindi. Mwaka 1955 Satyajit Ray alitoa Pather Panchali, hadithi ya familia maskini katika kijiji cha Bengali, na muziki akampa Ravi Shankar, mpiga sitari. Muziki huo ulipigwa na kurekodiwa katika kikao cha usiku mmoja. Ndani ya filamu baba anarejea safarini na zawadi, na miongoni mwake mna sari ya binti yake Durga. Hajui kwamba Durga amekwisha kufa. Mama anaishika sari, uso unavunjika, mdomo unafunguka kwa kilio. Lakini kilio hatukisikii. Mahali pake inapanda ala ya nyuzi iitwayo tar shehnai, juu kabisa, nyembamba, kama kitu kinachopasuliwa. Sauti ya mama imetolewa, na ala imepewa kinywa chake.

Msomaji apime tofauti. Katika filamu yetu ya ufukweni sauti ya msiba ilifutwa na kufunikwa kwa mlio usiomjua mfiwa. Kwa Ray sauti ya mama ilitolewa ili ala ya nchi yake imsemee lile ambalo koo la binadamu halifiki. Wote wawili walifuta. Mmoja alijua anafuta nini na anaweka nini.

Sasa tuje kwetu, na hapa nitangulize neno ili nisieleweke vibaya. Siliombei sikio letu usafi ambao halijapata kuwa nao. Taarabu ya Unguja ilipata malezi yake ya mwanzo katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, kwa ala na nyimbo za Misri. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na vikundi vilivyofuata, vilikuza okestra zao kwa kuzisikiliza okestra za Cairo, na sehemu kubwa ya muziki huo wa Cairo ilitufikia kwa sinema. Mohammed Abdel Wahab aliingia katika filamu mwaka 1933, Umm Kulthum mwaka 1936, na watu wa pwani walizijaza kumbi kuwatazama na kuwasikia. Mombasa nako, Juma Bhalo alizitwaa tuni za filamu za Kihindi akazitia mashairi ya Kiswahili, na wapo waliomkosoa kwa hilo na wapo waliompenda kwa hilo hilo.

Basi kuazima kwenyewe si kosa. Sisi ni watu wa bandari. Asiyeazima hana bandari. Lakini angalia masharti ya mkopo ule wa zamani. Tuni ya Bombay ilipofika Mombasa ilikutana na mlinzi mlangoni: shairi la Kiswahili. Ilibidi ikae sawa na mizani zetu, ipumue pale neno linapopumua, ibebe mafumbo ya mtaa uliokuwa ukisikiliza. Mgeni alivua viatu. Muziki wa kifilamu wa leo hauna maneno, kwa hiyo mlinzi huyo hayupo, na mgeni huingia na viatu hadi chumbani. Pale ambapo hapana neno la kumzuia mtunzi, kinachobaki kumzuia ni sikio lake na picha iliyo mbele yake. Akiviacha vyote viwili, hana kitu.

Hoja ya pili ilisema kwamba ala zetu zimefungwa harusini. Nasema zimefungwa na wavivu. Wapenzi wa taarabu wanaijua bashrafu, kile kipande cha ala tupu kinachofungua shughuli kabla ya mwimbaji kusimama. Jina na umbo lake vilitoka kwa Waturuki, vikapitia Misri, vikafika kwetu, na Culture Musical Club waliwahi kutoa albamu nzima ya bashrafu. Hapana neno ndani yake, hapana bibi harusi, hapana kijembe. Tazama umbo lake: kuna vipande vinavyoitwa khana, kila kimoja kina njia yake, na baada ya kila khana hurejea kipande kile kile kiitwacho taslimu. Khana inakupeleka mbali, taslimu inakurudisha. Na kila unaporudi, taslimu ni ile ile ila wewe si yule yule, kwani umesafiri.

Wapenzi wa ushairi wameshaitambua sura hiyo. Ni kibwagizo. Mshororo hubaki na maneno yake tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, lakini beti zilizoutangulia humzidishia uzito, hata neno lililoanza kama mzaha likaishia kuwa wosia. Na watunzi wa filamu hufanya jambo lilo hilo: humpa mtu katika hadithi tuni yake fupi, ikasikika akiwa mtoto, ikasikika anapoondoka, kisha ikasikika juu ya kiti kitupu, na mtazamaji akalia bila kuambiwa neno. Wanaifundisha katika vyuo vyao kama fani kubwa, na ni fani kubwa kweli. Mswahili aliyelelewa na kibwagizo na bashrafu ana haki gani ya kujiona mgeni mbele yake?

Hata hesabu zake si ngeni. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Mtunzi akiweka mapigo 60 kwa dakika, kila pigo linaangukia picha ya 24. Akiweka 120, linaangukia ya 12. Na mlango ukifungwa baina ya mapigo, lazima aamue kama atamngojea mwenye mlango au atamtangulia. Mtu aliyezoea kupima mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, akajua wapi pa kutua na wapi neno moja likizidi linavunja vina, ataicheka kazi hiyo kwa ugumu gani? Tofauti ni kwamba mshairi hupimia silabi, na huyu hupimia macho ya watu.

Kwa hiyo nina ugomvi pia na baadhi ya washairi, wasomaji wenzangu wa kurasa hizi. Wapo wanaosema muziki bila ya maneno ni chombo bila ya shehena. Watu hawa wamelisaidia tatizo kukua. Kwa kuwadharau wapiga ala na kuwaona watumishi wa mwimbaji, wamewaachia vijana fikra kwamba anayetaka kutunga bila ya maneno lazima akatafute mwalimu Hollywood. Lau tungeijadili bashrafu kwa bidii tunayojadilia beti za malumbano, kijana asingedhani kwamba ala tupu ni uvumbuzi wa kompyuta.

Kuna jambo jingine la sikio ambalo halina budi kusemwa wazi. Kinanda cha kompyuta kimegawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Maqamu ya Rasti na ya Bayati yana noti zinazokaa katikati ya hatua hizo. Ganuni ina vijiti vyake vya kuzipandisha na kuzishusha, na mpiga fidla huzipata kwa kidole na kumbukumbu. Kijana anapotunga kwa kinanda peke yake, noti hizo hazimkatalii, hazimjii kabisa. Baada ya miaka michache akizisikia kwa mzee huona mzee amekosea. Hivyo ndivyo sikio linavyokufa, kimya kimya, bila ya tanzia. Wala asisingizie mashine, kwani programu nyingi za muziki huruhusu noti kurekebishwa. Anayetaka atafanya. Lakini atataka vipi asichokuwa amekisikia?

Sisemi tuutie udi katika kila picha ya Mji Mkongwe. Hilo nalo ni kosa, na ni ndugu wa lile la kwanza. Filamu nyingi za wageni zimetufanyia hivyo: mlango wenye nakshi, udi, mwanamke mwenye buibui, udi, soko la viungo, udi tena. Udi wa namna hiyo ni bizari ya mpishi asiyejua kupika. Anaitia ili chakula kipate rangi. Wengine wameonyesha njia bora. Anouar Brahem, mpiga udi wa Tunisia, alitunga muziki wa filamu ya Moufida Tlatli, Les Silences du palais, mwaka 1994. Wasis Diop wa Senegali alitunga muziki wa Hyènes ya ndugu yake Djibril Diop Mambéty, mwaka 1992. Hao hawakutia Uarabu au Uafrika juu ya filamu. Waliitazama filamu kwa sikio walilokuwa nalo.

Iko njia moja ambayo wapiga ala wetu wangeimudu mapema zaidi kuliko wengi. Desemba 1957, mjini Paris, Miles Davis na wenzake waliingia studio, wakaonyeshwa vipande vya filamu ya Louis Malle, wakapiga huku wakitazama, bila ya kuandikiwa muziki kamili. Kazi ile inasikilizwa hadi leo. Na taqsimu ni nini, kama si hiyo? Mpiga ala akiwa peke yake, ana maqamu ya kumwongoza na ukimya wa kumpima. Mweke mpiga ganuni mwenye umri na ujuzi mbele ya picha ya yule mjane anayeikunja shuka. Mwambie apige anapoona haja, na aache anapoona haja. Nina yakini kwamba sehemu kubwa ya dakika zile ataiacha kisomo kisikike, kwani ni mtu aliyepata kukaa katika misiba. Kunyamaza ndiyo elimu ya kwanza ya muziki wa filamu, na ndiyo isiyouzwa ndani ya kompyuta.

Haya si mambo ya ndoto. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar liliasisiwa mwaka 1997. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianzishwa mwaka 2002, kikafundisha udi, ganuni na fidla kwa vijana wa kike na wa kiume. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Picha tunazo, hadithi tunazo, wapigaji tunao. Kinachokosekana ni mazoea ya kukutana mapema. Desturi ya sasa ni mkurugenzi kumaliza filamu, kuikata akiwa ameweka muziki wa filamu nyingine kwa muda, kisha kumwita mtunzi wiki ya mwisho na kumwambia: nifanyie kama huu. Huyo hakuita mtunzi, ameita fundi wa nakala. Sergio Leone alikuwa na muziki wa Morricone tayari kabla ya kuanza kuipiga filamu yake ya 1968, Once Upon a Time in the West, na waigizaji wakatembea wakiusikia. Nasi tuanze hapo. Mtunzi asome hadithi kabla ya kamera kutoka ndani ya mfuko. Aende ufukweni asikilize. Na bajeti ya muziki, hata ikiwa ndogo, iandikwe siku moja na bajeti ya kamera, isisubiri makombo.

Kwa vijana nina neno la mwisho, na ni gumu. Zipo leo mashine za akili bandia zinazoandikiwa sentensi moja, "muziki wa kifilamu, wa huzuni, wenye nyuzi", zikatoa dakika tatu kabla ya chai kupoa. Kama ujuzi wako wote ni kufanana, basi amekuja anayefanana kukushinda, halali wala hadai ujira. Lakini mashine hiyo haikukaa mkekani pale. Haikupata kusikia kisomo kikipanda na kushuka huku bahari ikijibu nje ya dirisha. Wewe umesikia. Ukitupa hicho ili ufanane, umetupa kitu pekee ambacho ungeweza kulipwa kwacho.

Na kwa kuwa kurasa hizi ni za washairi, niuache ujumbe wangu kwa lugha yao:

Mtunzi tega sikio, usikilize ya pwani,
Usifuate kilio, kilicho cha ugenini,
Picha ina simulio, lililofichwa machoni,
Liwe lako kusudio, kulitoa hadharani.